Mumunye, kiboga au zukini?

SWALI: Nauza mboga soko la Mbuyuni, Moshi. Kuna viboga vidogo, virefu vya kijani na vingine vya duara, ambavyo wapishi wa hoteli huviita zukini. Mama yangu anasema ni mumunye. Mwenzangu wa meza ya pili anasema hakuna neno "viboga". Niseme lipi? Na ni "mumunye hizi" au "mamumunye haya"?

JIBU: Mama yako yuko sahihi, dada. Boga tunalingoja likomae. Mumunye huliwa likiwa changa, ganda bado laini na mbegu hazijawa ngumu. Ndiyo maana wahenga walisema mtu aliyepotoka akiwa mtu mzima ameharibikia ukubwani, kama mumunye. Hakuna neno jingine linalobeba maarifa hayo ya jikoni. Mumunye changa halimenywi. Likatekate, likaange na kitunguu kwa moto mkali, usitie maji, maana zaidi ya asilimia 90 yake ni maji tayari.

"Kiboga" nalo si kosa; ki- ya udogo tunaitumia kila siku. Shida ni kwamba mteja anaweza kudhani unamuuzia boga lililodumaa. Lakini mwambie mwenzako hivi: kwa Kiitaliano boga ni *zucca*, na zukini maana yake ni viboga. Wapishi wale wanasema neno lako lilelile kwa lugha ya watu!

Zukini limeshaingia, silikatai: zukini hii, zukini hizi. Ila linataja aina moja tu. Yale bapa kama kisahani, yenye kingo za mawimbi, si zukini, na huko ndiko mumunye linakoshinda kwa kuyakusanya yote.

Kuhusu ngeli, sema mumunye hili, mamumunye haya. Mmea wake ni mmumunye. "Mumunye hizi" naisikia sana hata huku Arusha, soko la Kilombero, na sishangai, maana sokoni karibu kila kitu huangukia "hii" na "hizi". Kwenye kibao chako, hata hivyo, andika MAMUMUNYE.

Tena wauzie na maua. "Ukipenda boga, penda na ua lake" si methali ya mapenzi tu. Ua la mumunye huliwa, na likichanganywa na majani ya maboga sufuriani, mboga hubadilika rangi na ladha.