Jibu: Mdogo wangu ana Crohn na jipu karibu na njia ya haja, akubali kukatwa?

Dada, umeuliza kama mdogo wako hapo Nakuru, mwenye Crohn, ule ugonjwa wa utumbo kuvimba kwa muda mrefu, akubali daktari akate hiyo njia ya usaha iishe mara moja. Niko Kisumu na nimepitia hii kitu, mimi singekubali kabla MRI, ile picha ya ndani ya mwili, haijafanywa.

Yangu nilidhani ni bawasiri, nikapaka dawa ya duka miezi. Siku moja natoka Ahero kwa matatu nikashindwa kukaa kabisa, nikasimama nimeinama mpaka stegi, makanga ananicheka. Hospitali ya kwanza wakafungua jipu, likarudi, wakafungua tena, likarudi, na hakuna aliyeniuliza mbona naharisha mwaka mzima na nguo zinanilegea. Kolonoskopi, ile kamera ya kuingizwa kwa utumbo mpana, ndio ilionyesha Crohn, halafu MRI ya nyonga ikaonyesha fistula, yaani kanjia kametoboa kutoka ndani hadi kwa ngozi, na yangu ilipita katikati ya ule msuli unaobana choo.

Sasa hapo ndio kwenyewe. Kama imepita juujuu tu na utumbo wa mwisho haujavimba, inaweza kupasuliwa ikapona. Lakini ikiwa imeshika msuli mwingi halafu ukatwe, choo kinaweza kuanza kutoka bila kukuuliza. Na hivyo vinyama vinavyoota hapo nje watu wa Crohn hushauriwa wasivikate, kidonda kinaweza kukataa kupona.

Mimi walinipiga nusu kaputi wakatoa usaha wakapitisha setoni, ni kauzi laini ka mpira kanaingia kwa tundu la ngozi kanatokea kwa njia ya haja, kanafungwa kitanzi kimelegea. Siku ya kwanza kuoga nikagusa fundo nikashtuka nikadhani wamesahau kitu! Kazi yake si kuponya, ni kuacha tundu wazi usaha utoke usijikusanye tena.

Usaha ukishatoka ndio dripu ya infliksimabu, dawa ya kutuliza Crohn, inaanza, wiki ya 0, ya 2, ya 6, halafu kila wiki 8. Bei yake wacha tu, familia ilichanga kwa WhatsApp. Ila wasimpe kabla ya kupimwa TB, kwa sababu hiyo dawa inashusha kinga na TB iliyolala inaweza kuamka, na tena TB ya utumbo inafanana na Crohn mpaka madaktari wanachanganyikiwa, huku kwetu wakiruka hicho kipimo mtoe huko.

Nyumbani ni beseni la maji ya uvuguvugu kila baada ya choo, na pedi. Mwanaume mzima unapanga laini supamaketi na pakiti mbili za pedi, ukiulizwa unasema ni za bibi.

Kauzi nilikaa nako miezi minane. Kalitolewa, tundu limebaki dogo, siku zingine linatoa majimaji kidogo, lakini matatu nakaa vizuri hadi Busia. Muulize ripoti ya MRI imesema njia imepita wapi kwa msuli, ulete hapa.