Ngazi niliyoibuni, tajiri anaiuza: je, nina haki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni baharia wa boti ya hoteli hapa Shela, Lamu. Maji yakipwa, wageni wazee hupata tabu kupanda. Nikachora ngazi ya kukunja nyuma ya karatasi ya oda, nikaitia kwenye sanduku la maoni. Tajiri wangu wa kazi akampa seremala, ikafaa. Sasa anaziuza kwa hoteli nyengine, nami sijapata hata ahsante. Nauli za wageni hukusanya mimi. Naweza kukata changu kimyakimya?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Mwanangu, nauli usiiguse. Mtume (s.a.w.) amesema: “Mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie khiyana aliyekufanyia khiyana.” Najua madhehebu yetu ya Shafi yanamruhusu mwenye haki kujichukulia pale mdaiwa anapokana. Lakini deni lako halina kiasi kinachojulikana, na tajiri hajakana kitu, hujamuuliza!

Tuje kwenye ngazi. Umeajiriwa kushika kamba na kupokea wageni. Ijara, yaani mapatano ya kazi kwa ujira, humpa tajiri manfaa mliyopatana, si kila kinachopita kichwani mwako. Ungekuwa fundi aliyewekwa karakana abuni vitu, ningekujibu vyengine. Na wazo ni mali: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Kuwait 1988, lilipitisha kuwa haki za uvumbuzi zinalindwa kisheria.

Ila uliitia sandukuni kwa mkono wako, bila sharti. Hoteli kuitumia kwa boti zake ni halali, na ulichotoa usikirudie. Kuziuza nje ni jambo jengine. Mafaqihi husema lililozoeleka ni kama lililoshartiwa, na desturi ya sanduku lile ni kutengeneza huduma za pale pale, si kumpa mtu bidhaa ya kuuza. Hapo naona una fungu.

Sheria ya Kenya ya mali ya viwanda ya 2001 iko karibu na hayo: asiyeajiriwa kubuni akivumbua kwa vifaa vya kazini (na karatasi ile ya oda si yako), hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ni ya mwajiri, lakini mfanyakazi hulipwa malipo ya haki. Hiyo ni iwapo ngazi yako itahesabiwa uvumbuzi, maana ngazi za kukunja si ngeni duniani.

Mwendee tajiri baada ya Alasiri, boti zikishatulia. Mtajie ngazi zile zinazouzwa tu. Mkipatana, muandikiane mbele ya mashahidi wawili. Akikataa, usije kwa Kadhi. Mahakama yake ni ya ndoa, talaka na mirathi. Nenda ofisi ya leba.

Wallahu aalam.