Tochi ya oda ya shilingi milioni moja: cha kulipia na cha kuacha

Tochi ya oda maalumu, ile ambayo mtengenezaji huikereza moja moja kwa mashine na kumwuliza mnunuzi anataka taa gani, chuma gani na swichi ikae upande gani, huuzwa kati ya dola 300 na 600 kwa mafundi wengi wa Marekani, na zipo zinazovuka dola 1,000. Ukijumlisha usafirishaji na kodi ya forodha, ambayo hukadiriwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli yake, tochi moja inaweza kufika Mtwara ikiwa imegharimu zaidi ya shilingi milioni moja. Vijana ninaofanya nao kazi ya kutengeneza injini za boti upande wa Mikindani huniuliza mara kwa mara kama fedha hiyo inalipa, kwa kuwa wananiona na tochi ya aina hiyo ya titani, metali ya bei ghali, ambayo mteja wangu mmoja aliyekuwa akihama alinikabidhi kama sehemu ya malipo ya kazi. Ninayo pia tochi ya kiwandani ya alumini, ya bei ya kati, niliyoiagiza mwenyewe kwa kuchagua aina ya taa. Baada ya kuzitumia zote mbili kwenye chumvi, oili na giza la kweli, jibu langu ni kwamba sehemu ndogo ya fedha ya tochi ya oda inanunua kitu cha thamani kubwa, na sehemu hiyo ndogo inaweza kupatikana peke yake kwa mtu anayejua anachokitafuta.

Kitu hicho cha thamani ni rangi ya mwanga. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni chipu ya bluu iliyofunikwa kwa tabaka la fosfori ya manjano, yaani unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa wa manjano, teknolojia ambayo kampuni ya Nichia ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1996, na wavumbuzi wa chipu hiyo ya bluu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Fosfori ikiwa ya bei rahisi, mwanga hutoka mweupe machoni lakini ukiwa na upungufu mkubwa wa nyekundu. Uwezo wa mwanga kuonyesha rangi za vitu kama zilivyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho CRI, ambacho kilele chake ni 100. Taa za kawaida hukaa karibu na 70, na taa nzuri huvuka 90. Kuna pia kipimo chake kidogo cha nyekundu iliyokolea, R9, ambacho kwenye taa duni huweza kushuka hadi sifuri au chini yake. Mtengenezaji wa tochi za oda huchagua taa zenye vipimo vya juu na kukubali kupoteza kiasi fulani cha ukali wa mwanga kwa ajili hiyo. Hapo anafanya kazi ya maana.

Mtu asiyewahi kuulinganisha mwanga wa aina hizi mbili hudhani ni suala la anasa. Jioni moja, giza likiwa limeshaingia, nilikuwa nachagua jodari kwa mama mmoja anayeuza samaki ufukweni, naye alikuwa akimulika kwa taa ya simu. Alifungua shavu la samaki nione matamvua, na chini ya mwanga wa simu yalikuwa ya kahawia iliyofifia, rangi ambayo mnunuzi yeyote huitilia shaka. Nilipomulika kwa tochi yangu, matamvua yaleyale yalikuwa mekundu ya damu mbichi. Mama yule aliyatazama kwa muda, kisha akasema, “Hebu mulika na hawa wengine, mjomba. Tangu magharibi watu wananiambia samaki wangu wamelala.” Tukamulika beseni zima. Wawili kweli walikuwa wameanza kuchoka na akawaweka kando. Waliobaki walikuwa wa siku hiyohiyo.

Kwenye injini jambo hilo lina uzito zaidi. Nyaya za umeme wa injini hutofautishwa kwa rangi, na nyekundu, kahawia, waridi na ya machungwa hukaribiana mno chini ya mwanga wa kibluu, hasa zikiwa zimepakwa oili kwa miaka. Kutu ya kijani kwenye ncha za shaba, oili ya gia iliyoanza kupauka na kuelekea rangi ya maziwa kwa sababu maji yameingia, ufa mwembamba wenye alama ya kutu pembeni mwa silinda: vyote hivi vinaonekana mapema kwa taa nzuri na vinachelewa kuonekana kwa taa mbaya. Ninaamini kabisa kwamba fundi, muuguzi wa zamu ya usiku kwenye zahanati na mchuuzi wa samaki wanastahili taa yenye CRI ya 90 kuliko mtu yeyote mwingine.

Ukali wa mwanga ni habari tofauti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa tochi za sokoni na za oda pia. Tochi za chini ya shilingi 20,000 huandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) laki moja bila aibu. Hesabu yake si ngumu. Betri ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa halisi na ya daraja la juu hubeba takriban mAh 3,500 (miliampia-saa, kipimo cha chaji), ambazo kwa volti 3.6 ni kama wati-saa 12 na nusu. Taa nzuri ya LED hutoa kiasi cha lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo tochi ya betri moja inayotoa lumeni 1,000 huimaliza betri hiyo kwa muda wa saa moja na ushei, na ikishushwa hadi lumeni 100 hukaribia saa 12, ambazo ni usiku mzima wa mlinzi wa ghala la korosho kule Tandahimba au Newala. Anayejua hesabu hii hatalipia tarakimu kubwa, atauliza tochi ina ngazi ngapi za mwanga na kama inaanza na ndogo.

Umbali nao huandikwa kwa namna inayopotosha. Kipimo kinachotumiwa na viwanda vingi huhesabu umbali hadi pale mwanga unapopungua kufikia luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu, na kwa kipimo hicho mita 200 huhitaji kandela (kipimo cha nguvu ya mwale) 10,000 wakati mita 400 huhitaji 40,000, mara nne na si mara mbili. Mlinzi anayetaka kumtambua mtu sura, au mkulima anayetaka kujua kama kilichomo kwenye muhogo wake ni nguruwe pori au mbwa wa jirani, achukue nusu ya umbali ulioandikwa au hata chini ya hapo.

Sasa chuma, ambacho ndicho hupandisha bei ya tochi za oda kuliko kitu kingine. Titani ni ngumu kuikereza na hula visu vya mashine, na gharama hiyo humfikia mnunuzi. Lakini tochi yenye nguvu huzalisha joto jingi kichwani mwake, joto ambalo lazima litoke, na aloi ya titani inayotumika zaidi hupitisha joto vibaya sana: alumini ya kawaida ya tochi huipita zaidi ya mara 20, na shaba nyekundu huipita zaidi ya mara 50. Nikiwasha zote mbili kwa mwanga mkubwa, ya titani huchemka kichwani haraka na saketi yake hupunguza mwanga ili taa isiungue, huku ya alumini ya bei ya kati ikiendelea kumulika. Kwa maneno mengine, kwa kazi ya kutoa mwanga mwingi kwa muda mrefu, chuma cha gharama kubwa ndicho kilicho dhaifu zaidi.

Pamoja na hayo, sitaki kuidhulumu titani, kwa sababu mimi naishi pwani. Maji ya bahari hayaiathiri kabisa. Mwili wa tochi yangu umeloweshwa na mawimbi, umeachwa chini ya kiti cha boti na kushikwa kwa mikono yenye chumvi, na haujabadilika. Ya alumini inalindwa na tabaka gumu la juu, na pale kibanio kilipolikwangua tabaka hilo pamejitokeza unga mweupe ambao lazima niusugue mara kwa mara. Zipo pia tochi za oda zinazochanganya kichwa cha shaba na mwili wa alumini kwa ajili ya mvuto wa rangi. Mvuvi wa Msimbati au wa Kilwa asizinunue, maana metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na huanza kuliwa kwenye hesi ambako hauoni. Hata titani inadai matunzo kwenye hesi, kwa kuwa titani kwa titani hung'ang'aniana. Tone dogo la grisi ya silikoni linatosha, na grisi hiyohiyo huilinda oringi, yaani mpira wa duara unaozuia maji. Tochi yenye alama ya IPX7, ya kuzuia maji, imepimwa kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30, kwenye maji yasiyo na chumvi na ikiwa mpya, kwa hiyo anayewinda pweza usiku maji yakiwa yametoka aisuuze tochi yake kwa maji ya kisima kila anaporudi.

Mirija ya tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, inayopachikwa mwilini ili tochi ing'ae yenyewe gizani huongeza bei, na mng'ao wake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Kamba ya mkononi huzuia vizuri zaidi tochi isipotee.

Kuna mnunuzi ambaye kwake hesabu zote hizi hazina nafasi kubwa. Anayenunua kinyago cha mpingo hanunui ukuni, hulipia mkono wa mchongaji, na anayependa chuma kilichokerezwa kwa ustadi ana haki ileile ya kulipia mkono wa mkerezaji. Tochi yangu ya titani ina hesi laini kiasi kwamba kidole hakihisi inapoanza kushika, na ninaipenda. Ila mtu mwenye kipato cha msimu wa korosho, anayehitaji chombo cha kazi, sitamshauri hata kidogo aanzie huko.

Jambo jingine ambalo tochi nzuri ya oda hulifanya na nyingi za kiwandani hazilifanyi ni kufunguka. Kichwa chake kinafunguliwa kwa mkono, bodi ya taa, yaani kibati ambacho chipu huchomewa juu yake, imeshikwa kwa skrubu, na swichi inatoka bila kuvunja kitu. Tochi nyingi za kiwandani zimefungwa kwa gundi kwenye hesi. Sisi tulio mbali na dhamana yoyote, tochi inayoweza kufunguliwa na fundi wa hapa ina faida ya miaka mingi.

Na kwa sababu hiyo ninawashauri wenzangu watengenezewe tochi ya oda hapahapa. Tafuta tochi ya alumini ya betri moja ambayo kichwa chake kinafunguka, pima kipenyo cha bodi ya taa, ambacho mara nyingi ni milimita 16 au 20, kisha agiza taa ya CRI ya 90 ikiwa tayari imechomewa kwenye bodi ya kipenyo hicho. Taa ya namna hiyo inauzwa dola chache na kifurushi chake ni kidogo. Kijana fundi wa simu aliyenifanyia kazi hii mjini aliniambia, “Mjomba, kazi hii ni ya muda mfupi, ila niletee bodi ya shaba, ya alumini itachemka,” na alikuwa sahihi, kwa kuwa shaba huondoa joto chini ya chipu upesi zaidi. La kuangalia sana ni volti: zipo taa za volti 3, 6 na 12, na saketi iliyomo ndani ya tochi yako lazima ilingane na taa unayoileta.

Betri ndiyo huharibu kazi yote hii ikiwa bandia. Betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo, bila haja ya kuipima. Ipeleke kwenye mizani ya sonara: halisi huwa na uzito wa kati ya gramu 45 na 50, na bandia nyingi ni nyepesi mno. Usitegemee kuipata ndani ya kifurushi cha tochi, kwa sababu watengenezaji wengi wadogo hutuma tochi bila betri, wala usitegemee kuiagiza peke yake kirahisi, maana tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni kama hizi zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mizigo kwenye ndege za abiria. Betri za kompyuta mpakato zilizochakaa huwa na seli halisi ndani yake, ila zifunguliwe na fundi anayejua kuzipima, na yoyote iliyoshuka chini ya volti 2.5 isirudishwe kwenye chaja.

Aliyeamua kuagiza tochi ya oda licha ya yote haya amwandikie mtengenezaji kabla ya kutuma fedha, amwulize aina ya taa na CRI yake, mwanga unabaki lumeni ngapi baada ya nusu saa, kichwa kinafunguliwaje, na oringi ni za ukubwa gani. Aombe pia swichi moja na oringi za akiba ziwekwe ndani ya kifurushi kilekile, kwa sababu kuviagiza baadaye peke yake kutamgharimu nauli mara nyingi kuliko thamani yake.