Madogo wa mito ya mipaka, kabla hujachora lile jedwali

Wiki hii nimesoma proposo nne za madogo wanaoanza masta, zote kuhusu nchi zinavyosimamia mito ya pamoja, na tatu zina lile jedwali. Mnalijua, mto, nchi, mkataba, "mgao". Nililichora na mimi zamani, likaniumiza, na inaniuma kuliona tena mikononi mwenu.

1. Kusaini sio kuridhia. CFA ya Nile, yaani mkataba wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, ilianza kusainiwa Entebbe Mei 2010 ila imeanza kutumika 13 Oktoba 2024, basi hiyo miaka 14 msiiandike kama mtu alikuwa amefungwa nayo.

2. Jiulize kwanza kinachogawanywa ni nini. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa nalinganisha Nile na mto Senegal. Kwa Nile nikachukua mkataba wa 1959, Misri mita za ujazo bilioni 55.5, Sudan 18.5, nikazigeuza asilimia. Kwa mto Senegal nikakuta asilimia tayari, Mali 52, Senegal 33, Mauritania 15, nikazipanga pembeni yake, halafu nikaandika kwamba Afrika Magharibi nchi ya juu ya mto inaheshimiwa ila kwenye Nile inasahaulika. Niliipenda sana hiyo sentensi. Msimamizi wangu akaipitisha, nikaenda nayo mpaka semina ya idara, nimefika slaidi ya sita mama mmoja mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye mto Senegal akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizo asilimia ni za maji?" Nikajibu ndiyo mama. Akasema hapana, ni za umeme wa Manantali, bwawa lao la pamoja. Zile megawati 200 ndizo zinagawanywa hivyo. Maji yenyewe hawakukatiana kila nchi na ujazo wake, hati yao ya 2002 inayapanga kwa matumizi, kilimo, umeme, usafiri wa majini, na bwawa ni mali ya pamoja japo limekaa ndani ya Mali.

Ukumbi kimya. Nilikuwa na kurasa 40 zimesimama juu ya hizo namba. Na namba zenyewe zilikuwa sahihi jamani, ndo kilichoniuma, nilizitoa kwenye jedwali la mtu bila kufungua mkataba hata mara moja. Nilikaa miezi minne naandika upya, na usiku mwingine nilikuwa nasikia lile swali kama naulizwa sasa hivi.

3. Angalia nani hakukaa mezani. 1959 walikuwa Misri na Sudan peke yao, Ethiopia yanakotoka maji mengi yanayofika Aswan kule Misri hata haikuitwa, na Tanganyika mwaka 1962 ilishasema mkataba wa Nile wa 1929, wa Uingereza na Misri, hauifungi. Sasa "nchi za Nile zilikubaliana" mnayoandika ni zipi?

4. Jifunzeni Kifaransa cha kusomea. Nyaraka nyingi za OMVS, shirika la nchi za mto Senegal linalousimamia, mtazikuta kwa lugha hiyo.

5. Manantali usiishindanishe na Aswan. Mwenzake ni mradi wa umeme wa Rusumo hapo mto Kagera, megawati 80, Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa kwa sawa. Nilipoziweka hizo mbili pamoja ndo nikapata swali la kweli, kwa nini huku theluthi na kule 52, 33, 15, na tisisi nzima ikatoka hapo.

Proposo zenu nazirudisha Ijumaa. Njooni na mikataba mmeiprinti, tukae tuisome kifungu kwa kifungu, chai nitanunua mimi.