Kupaka upya mlango, fremu na skatingi za korido ya kuingilia: mambo ya kuzingatia Dodoma

Korido ndogo ya kuingilia haihitaji kupakwa yote ili ionekane mpya. Kinachochakaa haraka ni mlango, fremu na skatingi, yaani ule ukanda wa chini ya ukuta: weusi wa mikono kuzunguka kitasa, michirizi ya deki chini, vumbi jekundu kwenye kila ukingo wa paneli. Ukipaka vitatu hivyo vizuri, ukuta unaweza kuufuta tu kwa kitambaa chenye maji na ukaishia hapo.

Kwa hapa Dodoma, kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni vumbi na ukavu wa hewa, hata kama rangi yenyewe ni ya bei kubwa. Kwa hiyo panga wakati kwanza. Mvua zikishakatika Aprili, ngoja mbao zikauke, halafu anza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kabla upepo wa kiangazi haujakaza. Mlango wa paneli ukiupaka Februari, ikifika Agosti utaona mstari mwembamba wa mbao tupu kuzunguka kila paneli. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kuvimba, kisha kiangazi hukauka na kusinyaa, na paneli inapojivuta inaacha wazi sehemu ambayo brashi haikuifikia. Ukipaka mbao ikiwa imeshasinyaa, mstari huo hautokei. Wala usizibe kwa puti ule mfereji unaoizunguka paneli. Paneli inatakiwa icheze, na puti iliyoizuia itapasuka mwaka huohuo.

Kabla ya kununua chochote, gonga miguu ya fremu kwa mpini wa bisibisi, hasa sentimita 30 za chini. Ukisikia sauti ya uwazi ndani, mchwa wameshafika. Hapo tafuta dawa ya mchwa na kipande kipya cha mbao, maana rangi juu ya mbao iliyoliwa ni hasara tupu.

Hesabu ya rangi ni rahisi. Mlango wa kawaida wa sentimita 210 kwa 90 una karibu mita 2 za mraba kila upande, na fremu yake kama mita 1. Korido yenye mlango mkubwa unaopakwa pande zote mbili, milango miwili ya ndani inayopakwa upande mmoja, na skatingi fupi, inafika mita 12 hivi. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, nawe unahitaji mikono miwili. Chukua makopo matatu ya lita moja. Andakoti, yaani rangi ya kutangulia chini, lita moja inatosha kama unaziba sehemu zilizobaki mbao tupu tu. Ukitoka rangi iliyokolea kwenda isiyokolea, ongeza ya pili. Nunua pia msasa namba 120 na 220, brashi ya inchi 2, nyingine ya inchi 1 ya mifereji, na rola ndogo ya sponji kwa milango bapa.

Sasa jua rangi iliyopo ni ya aina gani. Sugua mahali pa kificho kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni ya maji. Isipohama, ni ya mafuta. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa isiyopigwa msasa hubanduka kama ngozi, unaweza kuivuta kwa ukucha. Kama mlango ni wa mninga na bado una vanishi nzuri, mimi ningeushauri uuache na vanishi yake. Ukiamua kuupaka rangi isiyokolea, lazima utangulize andakoti ya mafuta, kwa sababu wekundu wa mninga hupenya rangi ya maji na kuacha madoa ya kahawia.

Osha kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, hasa kuzunguka kitasa, kisha suuza. Msasa hautoi mafuta ya mikono, unayasambaza tu. Fungua kitasa na komeo badala ya kuvizungushia rangi. Piga msasa 120 mpaka mng'ao wote ufe. Rangi iliyopo inaweza kuwa na madini ya risasi hata kama si ya zamani sana, hivyo lowesha msasa, vaa barakoa na watoto wakae mbali.

Siku ya kupaka, amka mapema. Upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na mlango uliopigwa na jua hukausha rangi kabla alama za brashi hazijalala. Usifagie. Piga deki korido, mwagia maji ua ulio mbele ya mlango ili vumbi litulie, funga madirisha ya upande wa upepo, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye mbao na uache zikauke. Kwenye joto mafundi wengi hukimbilia kuongeza tina ya kuzimulia rangi. Isizidi sehemu moja kwa kumi, kwani rangi nyepesi mno hutiririka na haifuniki.

Mlango wa paneli una mpangilio wake: mifereji, paneli, mbao za kulala, mwisho zile za kusimama. Usirudie brashi mahali palipoanza kushika; utavuta makunyanzi. Paka na ukingo wa juu na wa chini wa mlango, ule wa chini uupake mlango ukiwa umeng'olewa kwenye bawaba. Kingo hizo zikiachwa wazi ndiko unyevu unakoingilia, na Januari mlango unakwama.

Skatingi ya plasta mpya ipe siku 28 kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo saruji itaila. Ikiwa ya zamani na inatoa unga mweupe wa chumvi, kwangua ikiwa kavu, tumia brashi kavu, usiioshe. Kwa rangi, kahawia au kijivu kizito hustahimili deki na vumbi letu. Nyeupe itakusumbua kila wiki.

Acha mkono wa kwanza saa 24, pitisha msasa 220 kwa wepesi, futa, paka wa pili. Mlango uache wazi usiku ule kama usalama unaruhusu. Kama lazima ufungwe, weka vipande vya mfuko wa nailoni kati yake na fremu. Rangi huendelea kukomaa kwa wiki moja au mbili, hivyo kipindi hicho futa kwa maji matupu.