Watu ishirini, waifai moja

SWALI: Shikamoo dada. Jumamosi tunakusanyana watu 20 tuandike makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu mji wetu wa Pangani, tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anzeni na akaunti, kila mtu afungue kwao mapema, maana Wikipedia inaruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku kwenye intaneti moja, sasa sisi tulijifanya wajanja tukaja wote na waifai moja, wa saba ikamgomea, waliobaki wakaishia kula maandazi tu. Halafu bebeni vitabu na magazeti yanayoitaja Pangani, makala bila vyanzo inaweza kufutwa. Kaeni wawiliwawili, mmoja anasoma mwenzie anachapa. Na ekstensheni ya umeme jamani!