Mnauliza nusu kwa nusu, risiti ziko wapi?

Majibu ya leo, kuhusu talaka na mgawanyo wa mali za ndoa, ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

*Nyumba ina jina la mume. Mimi ni mama wa nyumbani. Nitapata nusu? (Kahama)*

Swali hili haliishi. Hakuna nusu ya moja kwa moja, dada, na pia si kweli kwamba mama wa nyumbani hapati kitu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatazama mchango wa kila mmoja: fedha, mali au kazi. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Ila kiwango chake kinathibitishwa kwa ushahidi, na hapo ndipo wengi wanapolia. Unasema "tulijenga wote". Mwenzio anatoa mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, na risiti za saruji na mabati, zote kwa jina lake. Wewe una nini? Tafuta fundi aliyepokea hela mkononi mwako, jirani aliyekuona ukisimamia ujenzi, miamala ya simu, karatasi za mkopo wa vikoba. Piga picha hati leo, ukiwa bado unaishi humo. Hata kiwanja alichokuja nacho, kama mlikiendeleza pamoja kwa kiasi cha kuonekana, kinaingia kwenye mgawanyo.

*Mwenyekiti wa mtaa katuandikia barua kwamba nipewe talaka. Inatosha? (Morogoro)*

Haitoshi, na tumeshasema mara ngapi? Inatakiwa hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, Fomu namba 3, inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, si mtu mmoja na muhuri wake, na halina mamlaka ya kutoa talaka. Hati isiwe imepita miezi 6 siku ya kufungua shauri. Ukikosea hapa, unaweza kushinda mahakama ya chini, kisha kwenye rufaa mwenendo wote unafutwa na mnaanza upya.

*Nimepewa talaka tatu mbele ya shehe. Yamekwisha?*

Kidini muulize shehe. Kisheria bado: baraza, kisha mahakama itoe amri ya kuvunja ndoa. Bila amri ya mahakama, ya talaka au ya kutengana, mali haigawanywi.

*Tumeishi miaka 6 bila ndoa. (Tabata)*

Miaka 2 inatosha sheria kudhani mna ndoa, mradi watu wanawatambua kama mume na mke. Lakini kama mwenzio ana ndoa ya Kikristo kwingine ambayo haijavunjwa, dhana hiyo haisimami. Chunguza hilo kwanza.

*Mtoto ana miaka 4, atakaa na nani?*

Chini ya miaka 7 sheria inaanzia kwa mama, ila baba anaweza kuthibitisha vinginevyo. Matunzo yadai sasa, hayasubiri talaka.

*Nasikia mwenzangu anatafuta mteja wa nyumba tunayoishi.*

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako. Kama ina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio wiki hii. Kama haina, peleka pingamizi la maandishi serikali ya mtaa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.